Mlioko Marekani: mtaji wa kufungulia biashara mliutoa wapi? Semeni bila kufichana

Binti_Tandale (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Niko Columbus, Ohio. Siku za kazi niko ghalani zamu ya usiku, wikiendi napikia watu: sambusa, chapati, pilau la harusi na la msibani. Oda zimelizidi jiko la apatimenti na meneja wa jengo ameanza kuuliza maswali. Nataka nikodi jiko la halali, ninunue friza kubwa na kigari cha kusambazia. Kwa hesabu zangu, dola 18,000 zinanitosha kuanza.

Nimeenda benki ninakopitishia mshahara. Wakaniuliza mawili tu: biashara ina miaka mingapi, na kredi yako (rekodi ya kulipa madeni) ikoje. Biashara yenyewe haina hata jina. Nikaaga.

Kinachonishangaza, humu mjini Wasomali wana maduka, malori, vituo vya kulea watoto, na wengine wamefika juzijuzi. Wakenya wana makampuni ya kutunza wazee. Hizo hela wanazitoa wapi? Tafadhali msinijibu "jichange". Nataka njia.

Msomaji_Kimya

Nimeweka kiti mbele. Zile hadithi za "nilianza na dola kumi mfukoni" zibaki hukohuko.

Kijumbe_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umeanza na hela, ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Hela zipo. Tatizo ni kwamba kwenye karatasi wewe hujulikani. Unalipwa keshi, au Zelle (kutumiana hela kwa simu) kwa jina lako, daftari huna, na kwenye kodi unatangaza mshahara wa ghala peke yake. Mkopeshaji akikutazama anaona mfanyakazi wa ghala anayeomba 18,000 za kuanzia jambo ambalo hajawahi kulifanya. Wateja wako wote hawaonekani popote.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya mkopo wowote: sajili LLC, yaani kampuni ndogo inayotenganisha madeni yake na mali yako, Ohio ni dola 99. Chukua EIN, namba ya kodi ya biashara, kwenye tovuti ya IRS (mamlaka ya kodi) yenyewe, ni bure. Ukiona tovuti inakudai dola mia na kitu kwa ajili ya EIN, funga, hao ni madalali. Kisha fungua akaunti ya biashara, na kila sambusa itakayouzwa kuanzia hapo ipitie humo.

Sasa hao Wasomali. Mwanangu, benki yao ni upatu, wao wanauita hagbad au ayuuto. Wahabeshi wana ikub, Wakongo wana likelemba, Wakenya chama. Nimeshika upatu wa watu wa kwetu hapa kwa miaka, najua unavyokwenda. Watu 12, kila mmoja 500 kwa mwezi, wa zamu anaondoka na 6,000. Wawili watatu wenye biashara wanacheza michezo miwili kwa wakati mmoja na kupanga zamu zao zikutane. Hapo mtu anapata 12,000 kwa mkupuo bila riba na bila fomu, na duka linafunguliwa.

Ila mgeni hapewi zamu ya kwanza. Anawekwa mkiani, aonekane kwanza kama analipa. Ukitaka zamu ya mapema, tafuta mtu wa kukudhamini ndani ya kundi, au uombe kubadilishana na mwenye zamu ya mbele ambaye hana haraka. Ni jambo la kawaida, usione haya kuomba. Na kijumbe anayejipa zamu ya kwanza halafu hataki maswali, mkimbie.

Jambo moja linawaponza watu. Unapokea upatu keshi, unaogopa, unaingiza benki vipandevipande. Usifanye hivyo! Benki ikipokea keshi inayozidi dola 10,000 inapeleka taarifa serikalini, na taarifa hiyo haina madhara yoyote kwako kama hela ni halali. Kosa la jinai ni kuzikatakata makusudi ili taarifa isiende. Watu wenye hela safi kabisa wamejitia matatani kwa namna hiyo.

Mhasibu_wa_Mtaa

Mzee Kijumbe amegonga penyewe. Niongezee nyama upande wa kodi, maana msimu huu watu wetu wanapita kwangu kwa wingi.

Mtu anaendesha Uber, anasuka, anapika. Ikifika Machi anakuja: "Kaka, niandikie matumizi mengi ili nisilipe kodi." Kwenye Schedule C, fomu ya kodi ya aliyejiajiri, anabakiza faida ya dola 1,900 kwa mwaka mzima. Anashangilia. Mwaka unaofuata anataka mkopo, mkopeshaji anaomba ritani za kodi za miaka miwili. Anaziona. Biashara inayoingiza 1,900 itarejeshaje 15,000? Hapo hakuna ubaguzi, ni karatasi yako mwenyewe inayokukana. Matumizi ya kweli andika yote, ni haki yako. Ya kubuni yatakugharimu mara mbili.

Dada Tandale, umesema uko ghalani. Je, mwajiri anakukata 401(k)? Wengi wetu tunaiona kwenye hati ya mshahara tunadhani ni kodi nyingine. Hiyo ni akiba yako ya uzeeni, na mipango mingi inaruhusu kujikopea: hadi nusu ya kiasi ambacho tayari ni chako, na isizidi dola 50,000. Kredi haiangaliwi, na riba unajilipa mwenyewe kwa kuwa inarudi kwenye akaunti yako. Kwa kawaida unalipa ndani ya miaka mitano kwa kukatwa mshahara. Hatari yake ni kwamba ukiacha kazi au ukifukuzwa, salio unadaiwa lote ndani ya muda mfupi, ukishindwa linahesabiwa kuwa umelichukua, unalipa kodi na mara nyingi faini ya asilimia 10 juu. Kwa hiyo usikope huko halafu mwezi huohuo ukaacha kazi "uhangaike na biashara".

Mama_Uvira_KY

Jambo bandugu. Miye niko Louisville, Kentucky. Tulifika hapa kwa njia ya wakimbizi, toka kambi ya Nyarugusu. Ninasuka nywele na ninauza vitenge.

Kuna kitu hamujasema. Mutu mwenye karatasi ya ukimbizi ama asylum (hifadhi), kuna programu ya ofisi ya serikali kuu ya kupokea wakimbizi (ORR) ya biashara ndogo, mkopo mpaka dola 15,000. Haitoki kwa ofisi yenyewe, inapita kwa mashirika ya mitaa. Kuna pia ile ya akiba: unaweka zako benki, wao wanaongeza juu yake, unanunua mashine ama vyombo vya kazi. Usiende kuuliza pale mapokezi "mnatoa franga?", watakuambia hapana. Uliza hivi: "Nani katika shirika hili anashughulikia microenterprise?", ni kusema biashara ndogo. Ukitaja hilo jina, wanakupeleka kwa mutu mwenyewe. Lakini fungu si la kila mji, na linaweza kuisha. Nenda mapema.

Na kwa wenye kusuka: uliza leseni kwanza, kabla ya kukodi chumba. Kentucky iliwaondolea wasusi masharti ya leseni ya saluni mwaka 2016, Texas mwaka 2015. Utah kulikuwa na dada, Jestina Clayton, mkimbizi wa Sierra Leone, walimutaka asome urembo mpaka saa 2,000 ili aruhusiwe kusuka, na masomo yenyewe karibu yote hayagusi kusuka. Alienda mahakamani na akashinda mwaka 2012. Kila jimbo lina yake. Ada ya shule ya urembo ingemeza mtaji wote hata kichwa kimoja hujasuka.

Tajiri_Mtarajiwa

Mbona mnajisumbua? Kuna grant za serikali kwa wahamiaji, hazirudishwi. Kuna jamaa Facebook anajaza fomu kwa dola 350, ameshatoa watu wengi. Mwenye shida aje PM.

Wakili_Uchwara

Mkuu, hapo ndipo watu wanapoliwa. SBA, shirika la serikali kuu la biashara ndogo, halitoi grant ya kuanzisha biashara ya kawaida. Limeandika hivyo hivyo kwenye tovuti yake. Grant ndogondogo zipo kwa baadhi ya miji, mashirika na makampuni, na nyingi ni mashindano. Anayekudai ada ili "akutolee grant", ada hiyo ndiyo biashara yake.

Nikiwa hapa niseme la hadhi ya uhamiaji, kwa sababu watu wanachanganya. Kumiliki kampuni ni kitu kimoja, kuifanyia kazi ni kingine. Mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi, anaweza kumiliki hisa za LLC, lakini akisimama jikoni kukaanga sambusa hiyo ni kazi isiyo na kibali. Wa H-1B, viza ya kazi, vilevile, kibali chake kimefungwa kwa mwajiri. Aliyeomba hifadhi na kupata kibali cha kazi, yuko huru kujiajiri.

Kuhusu SBA: huko nyuma mkimbizi au aliyepewa hifadhi aliweza kuingia kwenye mikopo wanayoidhamini. Kuanzia Juni 2025 walidai kampuni yote, asilimia 100, iwe ya raia au wenye ukaazi wa kudumu, na kuanzia Machi 2026 wakakaza zaidi, hata mwenye ukaazi wa kudumu hakubaliki tena. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkopeshaji liwe: "Kwa karatasi yangu hii, hela zenu zina mkono wa SBA ndani yake?" Usijaze kurasa thelathini ndipo uambiwe.

Na kuna watu wanauza ndoto ya viza ya E-2, ya mwekezaji. Hiyo inategemea mkataba kati ya Marekani na nchi yako. Kongo ya Kinshasa imo. Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi hazimo. Mtanzania akichangishwa dola elfu kadhaa za "maandalizi ya E-2" ajue ameibiwa.

Dereva_Nakuru

Wacha niongee ya malori, juu wengi wetu huku Dallas ndiko tumeingilia.

Watu wanafikiria shida ni kununua lori. Lori utapata, hata kwa deni. Kuomba mamlaka yako mwenyewe, yaani kibali cha kubeba mizigo ya watu, ni dola 300 tu. Shida ni bima. Sheria inataka bima yenye fidia isiyopungua dola 750,000, na kampuni mpya inatozwa kama imeshapata ajali. Halafu broka anayekupa mizigo anakulipa baada ya siku 30 ama zaidi, na dizeli unanunua leo. Hapo katikati ndipo watu wanakufa.

Kuna rafiki yangu alikwama hapo. Akapigiwa simu, kijana ana sauti tamu: "Tunakupa 20,000 kesho asubuhi, kredi haijalishi." Hawaiti mkopo, wanasema wananunua mapato yako ya mbele. Kwa mkataba kulikuwa na namba moja ndogo, 1.4. Yeye akasoma kama riba ya asilimia 1.4. Maana yake ni 20,000 mara 1.4, yaani unarudisha 28,000. Na unakatwa kila siku ya kazi, kitu dola 222, kwa miezi sita hivi. Lori likiwa gereji unakatwa. Ukiwa mgonjwa unakatwa. Mwezi wa tatu alichukua ya pili ili alipe ya kwanza. Lori lilienda.

Afadhali mara mia uuze ankara zako kwa kampuni ya factoring, wachukue asilimia zao chache, wewe upate pesa yako siku hiyo ama kesho yake. Ni ghali, lakini unajua mwisho wake.

Ustadh_wa_Tanga

Assalaam alaykum. Mimi nimekwama pamoja na dada, ila kikwazo changu ni riba. Sitaki kuigusa. Nje ya upatu kuna njia?

Kijumbe_Mstaafu

Waalaykum salaam Ustadh. Zipo.

Kiva, shirika la mikopo la mtandaoni. Wanakopesha Wamarekani na wakazi hadi dola 15,000 kwa riba sifuri, na hawana kiwango cha kredi wanachokudai. Hela zinatoka kwa watu baki mtandaoni, huyu dola 25, yule dola 25. Lakini kabla hawajakuweka hadharani unatakiwa kuwaleta watu wako mwenyewe wakukopeshe kidogokidogo kwanza. Wengi wanaanguka hapo, wanadhani ni aibu kuwaomba watu. Mtu aliyecheza upatu hapati shida, anao watu 12 tayari. Kiva yenyewe ilianza mwaka 2005 kwa kuwakopesha wafanyabiashara wadogo wa Tororo, Uganda. Sasa mchuuzi wa Ohio anapita njia ya mchuuzi wa Tororo.

Ya pili, murabaha. Minneapolis kuna African Development Center, ilianzishwa na marehemu Hussein Samatar, Msomali aliyewahi kufanya kazi benki. Badala ya kukupa hela kwa riba, wananunua kifaa unachokitaka wanakuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kwa awamu. Wanahudumia Minnesota, ila ukiwa kwingine uliza wakopeshaji wa jamii (mashirika yanayokopesha watu ambao benki huwakataa) wa mji wako kama wana mpango wa namna hiyo.

Na utacheka: New York kuna Hebrew Free Loan Society, ya Wayahudi, tangu 1892, wanakopesha bila riba kabisa, na sikuhizi si lazima uwe Myahudi. Walianza wao wenyewe wakiwa wahamiaji wa machinga na cherehani.

Babu_Kumbukumbu

Ukiitaja hiyo, basi mtaje na Giannini. Mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, mwaka 1904 akafungua benki San Francisco, Bank of Italy, kuwahudumia Waitaliano wauza samaki na mboga ambao benki kubwa hazikuwafungulia mlango. Hiyo ndiyo leo inaitwa Bank of America. Nenda sasa ukawaombe mkopo na biashara isiyo na jina uone.

Binti_Tandale

Nimecheka hapo kwa Babu. Asanteni wote, Mungu awabariki.

Nimeangalia, 401(k) ninayo, sikujua! Si nyingi ila friza inatoka. Maswali mawili. Moja, mzee Kijumbe, upatu wangu nitauonyeshaje kwa mkopeshaji aelewe? Mbili, sambusa za nyama naruhusiwa kuuza kutoka nyumbani wakati najipanga?

Mhasibu_wa_Mtaa

La pili nakujibu mimi. Ohio ina utaratibu wa vyakula vya nyumbani usiohitaji leseni, lakini ni vile visivyoharibika upesi: keki, biskuti, mikate, jamu, na uweke lebo. Nyama haimo, kwa hiyo sambusa za nyama mpaka jiko lenye leseni. Hapo Columbus wapo ECDI, wakopeshaji wa jamii tangu 2004. Ndio walioanzisha Food Fort, jiko la pamoja kwa wapishi wanaoanza, unakodi muda badala ya jengo. Waulize nafasi na bei, na uende na hesabu zako za miezi mitatu hata kama ni za daftari. Anayekuja na daftari wanamsikiliza tofauti na anayekuja na ndoto. Pia usiajiri mtu wa kukuandikia mpango wa biashara kwa dola 800. Washauri wa SCORE na wa SBDC, mitandao ya ushauri wa biashara ndogo, wanakaa nawe bure.

Kijumbe_Mstaafu

La upatu: andika karatasi moja. "Sisi tuliotia sahihi hapa tunachanga dola 500 kila tarehe 1 kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Zamu ya fulani ni mwezi fulani." Majina, sahihi, tarehe. Michango ipitie Zelle na kila mtu aandike "upatu, mwezi wa tatu", na isikae keshi mkononi. Mkopeshaji akiona 6,000 zimeingia ghafla kwenye stetimenti, unamtolea karatasi na anaona zamu zote. Wakopeshaji wa jamii wengi sasa wanaujua mchezo huu.

Ukitaka upatu wenyewe ukujengee kredi, Mission Asset Fund ya San Francisco wana wao tangu miaka ya 2000 mwishoni, kila ukilipa wanapeleka taarifa kwenye kampuni za kredi. Wetu wa mtaani unaweza kuucheza miaka kumi bila kukosa siku na kredi yako ikabaki sifuri. Kwa hiyo cheza, na pembeni chukua kadi ya kredi ya dhamana, uweke dola 300, uinunulie mafuta ya gari na kuilipa yote kila mwezi. Baada ya miezi sita unaanza kuwa na alama.

Kwetu_Pemba_UK

Kwa walioko Uingereza msione wivu: kuna Start Up Loans, ya serikali, tangu 2012, pauni 500 hadi 25,000 kwa kila mwenye biashara, na wanakupa mshauri. Inahesabiwa kuwa deni lako binafsi, biashara ikifa unalipa wewe. Wanatazama sana muda uliobaki kwenye viza.

Tajiri_Mtarajiwa

Yule jamaa wa Facebook amenibloku nilipomuuliza ofisi yake iko wapi. Endeleeni.

Mama_Uvira_KY

Pole ndugu. Hujamutumia kitu?

Tajiri_Mtarajiwa

Tuache hayo, mama.

Mpishi_Twin_Cities

Binti Tandale, sogea nikuambie la friza, maana wote wamekuambia pa kupata hela, hakuna aliyekuambia usizitumie. Usinunue mpya. Migahawa inafungwa kila mwezi na vyombo vyake vinapigwa mnada mtandaoni, friza ya milango miwili inaondoka kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Angalia kibati chenye herufi NSF, alama ya usafi wa vyombo vya chakula, bila hicho mkaguzi wa afya atakurudisha. Nenda ukakague siku ya maonyesho na uikute imewashwa, weka mkono nyuma usikilize mashine inavyozunguka. Wakikuambia "ilikuwa inafanya kazi, tumeichomoa jana tu", iache palepale. Na uliza ina umeme wa volti ngapi, kuna dada alinunua ya 208 na jiko lake lina 120.